Mpiga Bambo Aliyeonja Dawa

Kabla hujamaliza kumsalimia, Miraji Matimbwa huwa keshakupima. Anakutazama ubavuni, chini kidogo ya kwapa, mahali ambapo kama ungekuwa gunia yeye angekuchoma. Si ubaya wa moyo, ni kazi iliyomlea. Ujana wake wote na utu uzima wake wote aliumalizia kwenye ghala la ufuta hapo Kibiti, akiwa mpiga bambo.

Bambo ni kijichuma chenye ncha na mfereji katikati. Unalichoma gunia ubavuni, unazungusha, unachomoa, na punje za tumboni zinatoka nalo bila gunia kufunguliwa. Wapiga bambo wengine walizitazama punje. Miraji alisema macho ni ya watu wa semina. Yeye alizimimina kiganjani, akazirusha kinywani na kutafuna taratibu, huku mwenye gunia akimkodolea kama mshitakiwa mbele ya hakimu. Mchanga ukilia kwenye meno, gunia linatupwa nje. Ulimi ukikuta chumvi, hapo ndipo palikuwa pabaya zaidi: mwenye gunia kanyunyizia maji ya delta ili mzani upande, na ufuta huo utaota ukungu kabla haujaiona Dar es Salaam. Mchanga Miraji aliuita wizi. Chumvi aliiita dharau.

Ghala lilikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyejua nani aliitunga. Mpiga bambo akimtuhumu mtu, gunia likamwagwa chini na kukutwa safi, yeye mwenyewe ndiye anayelishona upya, kwa shazia, ile sindano nene ya magunia, na uzi wa katani, mbele ya kadamnasi. Na muda wote anaposhona, mwenye gunia ana ruhusa ya kumwambia lolote, la mamaye na la bibiye, naye hajibu neno mpaka fundo la mwisho. Miraji alishikishwa shazia mara chache mno, na kila mara alirudi nyumbani akaenda kulala bila kula.

Alipostaafu, bambo alilirudisha ghalani ila shaka yake haikustaafu. Aliishuku mita ya umeme. Aliushuku utabiri wa hali ya hewa. Aliishuku spika mpya ya msikiti, kwamba sauti ya adhana imetoka kabla ya mwadhini kufungua mdomo. Asubuhi mkewe, Bi Mwamini, akimwekea chai, kwanza ainuse.

"Baba Warda, chai ni chai."

"Nani kasema si chai?"

"Pua yako."

Mtu pekee aliyemwamini, tuseme nusu na robo, alikuwa Saadi Mbonde. Huyu alikuwa mpima mzani wa ghala lile lile. Walifanya kazi wakitukanana kutwa na kula sinia moja, na walipozeeka Saadi akarudi kwao Kiongoroni, kule delta inakokutana na bahari, akawa anavua uduvi na kulalamika.

Basi Saadi akakanyaga kisiki cha mkoko. Jeraha lilikuwa dogo, la kutolea matusi mawili matatu na kusahau. Lakini Saadi ana sukari, na mguu wa mwenye sukari haujui kusahau. Kidonda kikakaa unyayoni, kikachimba, kikawa na mdomo na harufu. Daktari wa hospitali alimhesabia kwa namna anayoielewa: Ramadhani ikiingia kabla kidonda hakijaanza kufunga, mguu unakatwa chini ya goti. Na Kiongoroni mguu si kitu cha kupunguza. Kule hakuna lami, kuna tope na boti. Mwenye mguu mmoja anageuka mzigo, wa kupakiwa na kupakuliwa.

Hapo ndipo anapoingia Warda, binti wa Miraji, ambaye alikwenda kusoma Dar es Salaam akasoma mpaka baba'ke akaanza kushuku kama shule yenyewe ina mwisho. Kazi yake ilikuwa kuandika dawa. Si kuandika kwenye cheti kama madaktari, la. Kuiandika dawa yenyewe, herufi kwa herufi, kwenye kompyuta. Dawa mojawapo ilikuwa ya vidonda vya sukari, na sasa ilikuwa inajaribiwa kwa watu katika makontena mawili yaliyopakwa rangi nyeupe, mbele kidogo ya stendi ya Kibiti. Mtaani ilishasemwa kuwa makontena yale ni ya mumiani. Aliyeapa kuona damu ikipangwa kwenye friji ni Abdulrazaq muuza soda, mtu ambaye kwa maisha yake yote friji aliyowahi kuifungua ni ya kwake.

Saadi alikuja na kibegi chake akafikia kwa Miraji. Warda alikuwa nyumbani siku hiyo, na baada ya chakula wazee wakamweka kati.

"Tueleze," alisema Miraji. "Lakini kwa Kiswahili. Na usicheke."

"Ndani ya nyama yetu, baba, kuna vipande vifupi vya maandishi, vinaitwa mikroRNA. Kazi yake kunyamazisha. Mwili ukitoa amri ya kujenga mishipa mipya ya damu, kimojawapo kinaikalia ile amri, haisikiki. Kwa mzima ni sawa, mishipa isiote hovyo. Kwa mwenye sukari kinapitiliza. Kidonda kinaomba damu, hakuna anayekisikia."

"Kumbe mchawi wangu ni karani," alisema Saadi.

"Na huyo karani kawekwa na nani?" Miraji aliuliza.

"Tumezaliwa naye sote."

"Hata mie?"

"Hata wewe."

Miraji aliutazama mguu wake mwenyewe kwa jicho la mwenye nyumba aliyegundua mpangaji asiyemjua.

"Sasa mie," Warda aliendelea, "naandika kinyume chake. Kila herufi ina mwenzake wa kushikana naye. Nikizijua herufi za yule mnyamazishaji, natengeneza kamba fupi ya wenzake, imepangwa kinyumenyume. Ikiingia mwilini inamkumbatia, haimwachi. Hawezi tena kukalia amri ya mtu. Kamba hiyo ndiyo dawa. Jina lake refu ni oligonukleotidi kinzani."

"Oligo," alisema Saadi kwa sauti ya chini, kama mtu aliyetajiwa jini la babu yake.

"Na ikimkumbatia asiye wake?" Miraji alisogeza kiti.

"Ndipo kazi iliponila miaka. Ukiiandika fupi mno inashikana na kila mpita njia. Ndefu mno, haipenyi. Usipoikinga, mwili unaitafuna kama muwa. Nimeandika nyingi zikatupwa. Moja ilifunga kidonda uzuri kabisa, ikaharibu ini la panya. Nyingine ilikaa tu, haikudhuru wala haikusaidia, kama mjumbe wa kamati."

"Na hii ya sasa?"

"Hii imefika mpaka kwa watu. Ndiyo tunaitazama."

"Mnaitazama kwenye mguu wa Saadi."

"Kama mwenyewe atakubali, baba."

Saadi alikubali kabla ya kahawa. Miraji hakukubali hata baada yake.

Wiki hiyo waliitwa wote wenye vidonda, kila mmoja na ndugu yake. Walipewa soda, wali kuku, na fulana iliyoandikwa kifuani KIDONDA CHANGU, WAJIBU WANGU, ambayo kesho yake nusu ya Kibiti iliivaa, wengi wao hawana hata mkwaruzo. Aliyezungumza ni Daktari Wenceslaus, mkuu wa utafiti, mtu wa bara, mpole, aliyependa kumulika picha ukutani. Akaeleza kwamba wote watasafishwa vidonda, watafungwa bandeji safi na kusaidiwa kushusha sukari. Zaidi ya hapo, nusu yao watachomwa dawa, na nusu watachomwa maji tu. Nani kapata nini, imechaguliwa na kompyuta. Daktari hajui, nesi hajui, hata walioitengeneza hawajui.

Miraji alisimama na soda yake.

"Daktari, rudia hapo kwenye maji."

Daktari alirudia.

"Yaani nusu ya magunia mmetia maji, na mmekuja kutuambia wenyewe?"

"Si kutia maji, mzee wangu. Ni kulinganisha."

"Hata ghalani waliotia maji walikuwa na neno lao zuri."

Watu wakacheka. Saadi akamvuta kanzu. "Kaa chini wewe. Mie mguu unakwisha, wewe watafuta mchanga." Akachukua kalamu, akasaini.

Sindano ilikuwa kila Alhamisi. Miraji alimsindikiza kama ndugu, akakaa kwenye kona ya kontena, mikono magotini, macho kwenye meza. Aliyehudumu ni Sista Aika, nesi wa Kichaga, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa kukasirika. Alitoa kichupa kidogo kuliko kidole gumba. Kilichomo kilikuwa cheupe kama maji, hakina rangi wala harufu. Jambo hilo peke yake lilimtosha Miraji. Dawa za kweli alizozijua yeye zilikuwa chungu, au nyekundu, au walau zinanuka.

Sista Aika alikuwa akichoma sindano pembeni mwa kidonda, ubavuni, anazungusha kidogo, anachomoa, anahamia mbele. Miraji alishtuka. Lilikuwa bambo! Tofauti ni kwamba bambo la ghalani linatoa kilichomo, hili linaingiza. Na katika miaka yake yote aliowajua kuingiza vitu ubavuni mwa gunia walikuwa wezi.

"Sista, hicho kichupa hakijaisha."

"Kinabaki tone mbili tatu, mzee. Kinaingia kwenye boksi la njano, kinahesabiwa, kinachomwa moto."

"Kwa nini kichomwe moto kama ni maji?"

"Mzee, kaa mbali na meza yangu."

Alhamisi hiyo akatii. Alhamisi iliyofuata, Sista Aika alipogeuka kuchukua kamera ya kukipiga picha kidonda, kichupa kilitoka mezani kikaingia kwenye mfuko wa kanzu. Vidole vya mpiga bambo havitetemeki. Saadi, kalala kifudifudi, hakuona kitu.

Nyumbani Miraji alimkalisha rafiki yake kwenye mkeka nyuma ya jiko, akakitoa kichupa, akakigongesha kiganjani. Tone moja likadondoka. Akalitia ulimini, akafumba macho.

Bi Mwamini alikuwa anapepeta mchele. "Baba Warda, unakula nini?"

Uso wa Miraji ulikuwa umegeuka ule wa zamani, ambao ukiuona ghalani ulianza kutafuta gari la kurudishia gunia lako.

"Saadi. Onja."

"Nini hicho?"

"Dawa yako."

"Ya kuchomwa unyayoni, nionje mdomoni?"

"Onja, bwana, usinichoshe."

Saadi alionja. Wakatazamana.

"Chumvi," alisema Saadi.

"Chumvi."

"Labda oligo ina chumvi."

"Saadi, mara ngapi nimekwambia chumvi nikakosea? Hata siku moja. Wewe uko kwenye nusu ya maji. Wamekupa wali kuku na fulana, na mguu wanakuchoma maji ya chumvi."

Saadi alikitazama kichupa. Kisha akaanza kucheka, kicheko kisicho na raha. "Nimepanda boti kutoka kwenye maji ya chumvi, nikaja Kibiti kuchomwa maji ya chumvi. Kwetu si ninayo bahari nzima? Ya bure?"

"Ndilo nililokuwa nasema."

"Shemeji," Saadi alimgeukia Bi Mwamini, "nifungashie kibegi changu."

"Binti yangu hawezi kuwadanganya," alisema Bi Mwamini.

"Sikumtaja binti yako," alijibu Miraji. "Karani yeyote anaweza kudanganywa na karani mwenzake."

Asubuhi Saadi akaondoka, akaikamata boti kwenye gati la Nyamisati, akarudi Kiongoroni na mguu wake wenye tundu. Miraji aliketi barazani mwake na furaha ya mtu aliyelirudisha gunia baya. Furaha ilidumu mpaka Jumanne.

Maana Sista Aika alihesabu vichupa, kimoja hakipo. Akahesabu tena. Akakumbuka kanzu. Akampigia Daktari Wenceslaus, daktari akampigia Warda, na Warda akashuka stendi ya Kibiti hata salamu za wauza mihogo hakuziitikia.

"Baba, kiko wapi?"

Miraji alikitoa. Kulikana lilikuwa jambo la watu wadogo. "Kiko hapa. Na kina chumvi."

"Ulikionja?"

"Mie na Saadi."

Warda alikaa chini, juu ya kizingiti, na mkoba wake mapajani. Bi Mwamini akajua hali ni mbaya kwa sababu binti hakupiga kelele.

"Baba, vyote vina chumvi. Vya dawa na vya maji. Ile kamba niliyoiandika haiwezi kuchomwa kavu, inayeyushwa kwenye maji ya chumvi, chumvi kiasi cha ile ya damu ili isiunguze. Na ile nusu nyingine ni maji yale yale bila kamba. Dawa yenyewe iliyomo ni kidogo mno, hakuna ulimi wa kuijua. Tulifanya makusudi visitofautiane. Kwa rangi, kwa harufu, kwa uzito, kwa kila kitu."

"Kwa hiyo Saadi anapewa dawa."

"Sijui."

"Nakuuliza kama baba yako, si kama mtu wa mtaani."

"Na mie nakujibu kama binti yako. Sijui. Sijui na sitaki kujua mpaka mgonjwa wa mwisho amalize."

"Usitake kujua kazi ya mikono yako mwenyewe?"

"Ndiyo maana sitaki, baba. Nimeihangaikia miaka. Nikijua ni mguu upi una dawa yangu, nitauona unapona hata kama hauponi. Macho yangu nayashuku. Ndiyo sababu tumeyafunga."

Miraji alikiweka kichupa sakafuni. Maisha yake yote alikuwa amewashuku wakulima, wachuuzi, makarani, wahubiri, mita na mawingu. Jicho lake mwenyewe na ulimi wake mwenyewe hakuwahi kuvipigia bambo. Na huyu mtoto, aliyemlea kwa ujira wa ghalani, alikwenda mbali hivyo: kajishuku mwenyewe, na kushuku huko akakupangia utaratibu, akakujengea makontena. Kitu kama fahari kilimpanda kifuani, kikakutana na aibu njiani, vikabanana.

"Basi nimeharibu," alisema.

"Alhamisi hii akikosa sindano, jina lake linafutwa. Akifutwa hana bandeji, hana wa kumsafisha, hana wa kumtazama sukari. Hata kama anapewa maji tu, baba, hayo mengine yalikuwa yanamsaidia. Kidonda kilishaanza kusogea kingo. Nimeona picha. Kinachobaki ni msumeno."

Bi Mwamini alileta chai. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao Miraji aliinywa bila kuinusa, akaungua ulimi, na hakuna aliyemwonea huruma.

Kesho yake Miraji akaondoka na bodaboda mpaka Nyamisati, akangoja boti ya Ridhiwani, nahodha mnene anayejua habari za delta nzima kabla ya wenyewe. Walipopita katikati ya mikoko Ridhiwani alisema, "Mzee Miraji, wewe si ndiye uliyeonja dawa?"

"Nani kakwambia?"

"Kwani ni siri? Kiongoroni sasa hivi mtu akipewa kidonge anakilamba kwanza."

Miraji akageukia mikoko, akaihesabu mpaka wanashuka.

Johari, mke wa Saadi, alikuwa anaanika uduvi kwenye jamvi karibu na maji. Hakuinuka. "Shemeji Miraji. Karibu. Umekuja na ulimi wako?"

"Shemeji, Saadi yuko wapi?"

Alionyesha kwa kidevu. Saadi alikuwa ameketi kwenye ukingo wa mtumbwi uliovutwa pwani, kaukunja msuli mpaka gotini, na mguu wenye kidonda ameutumbukiza kwenye maji ya bahari.

"Unafanya nini, wewe?"

"Najitibu. Si ulisema dawa ni maji ya chumvi? Basi mie nimeacha kuchomwa, naloweka. Asubuhi na jioni. Nawapita wale wazungu wa makontena kwa wingi wa dawa."

"Hakuna mzungu pale, ni Wenceslaus. Toa mguu huo!"

Saadi aliutoa. Miraji alitamani asingeutazama. Kingo zilizokuwa zimeanza kuwa nyekundu zilikuwa zimerudi rangi ya kijivu, na mchanga mweusi umeganda ndani. Mchanga. Katika gunia hili alikuwa ameutia yeye.

"Rudi nami Kibiti," alisema. "Alhamisi ni kesho."

Saadi alimtazama ubavuni, chini kidogo ya kwapa. "Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Wamekuahidi nini?"

"Hakuna kitu, Saadi."

"Juzi chumvi, leo dawa. Bei imepanda au mzani umebadilika? Au binti yako kakulilia?"

"Hata hakulia. Sikiliza. Vyote vina chumvi, vya dawa na vya maji. Ulimi wangu ulikuwa sahihi na mie nikawa mwongo."

"Kwa hiyo mie napewa dawa."

"Sijui."

"Daktari?"

"Hajui."

"Warda?"

"Hajui naye. Hataki."

Watu walishaanza kusogea, wavuvi na wakata mikoko, na Ridhiwani aliyesahau ghafla kwamba ana abiria wa kurudisha. Saadi aliwatazama, akamtazama rafiki yake, na kitu cha zamani kikawaka machoni mwake. Mpima mzani alikuwa amerudi kazini.

"Johari. Lete shazia."

Miraji alifumba macho. "Saadi, tuna haraka."

"Gunia umelichoma, gunia umelimwaga, gunia limekutwa hujui lina nini. Sheria unaijua. Lete na lile gunia la uduvi walilolipasua panya."

Shazia ililetwa, na uzi wa katani, na gunia lenye mpasuko wa mkono mzima. Miraji Matimbwa aliketi kwenye mchanga wa Kiongoroni, kanzu yake ya safari na yote, akaanza kushona. Na Saadi akaanza.

"Mtazameni! Siku ya ndoa yake alimwomba kadhi bambo!"

Miraji akavuta uzi.

"Mamaye alipomnyonyesha, kwanza alitema akauliza maziwa yametoka wapi!"

"Nauli aliyonipa leo," Ridhiwani alidakia, "kaitazama pande zote mbili, na ni ya kwake mwenyewe!"

"Alipokuja kwetu kumposea huyu Saadi," alisema Johari, "mahari hakuyahesabu, aliyalamba!"

Ufuko mzima ulikuwa unapiga makofi. Mzee mmoja kipofu aliomba aelezwe Miraji ana sura gani ili na yeye aseme lake. Miraji alishona. Shazia ilimchoma kidole, akakinyonya, na watu wakapiga yowe: "Anaonja! Anaonja!" Hakujibu. Sheria ni sheria. Tundu kwa tundu, mshono kwa mshono, jasho likimtiririka kwenye kofia, mpaka Saadi mwenyewe akaishiwa, sauti ikamkauka, akabaki anamtazama tu.

Miraji alipiga fundo la mwisho, akakata uzi kwa meno.

Saadi aliongea taratibu sasa. "Niambie kitu kimoja. Ungekuwa mguu wako?"

Miraji alifikiri. Uongo mzuri ulikuwepo, umemfika mdomoni, wa kusema angemwamini daktari na binti yake moja kwa moja. Akautema.

"Ningeshuku," alisema. "Ningeshuku sindano na kichupa na yule sista. Lakini ningeshuku nikiwa nimelala pale kitandani, mguu umesafishwa. Si huku, umeutia majini."

Saadi aliutazama mguu wake. Kisha akampa Miraji mkono, amwinue.

"Nibebe mpaka botini, mwongo mkubwa wewe. Na ukiniangusha ushone tena."

Alhamisi Sista Aika alikisafisha kidonda kwa muda mrefu bila kusema neno, na hilo lilikuwa tusi kubwa kuliko yote ya Kiongoroni. Kisha akachoma. Daktari Wenceslaus alitoa uamuzi mmoja tu: Saadi abaki Kibiti mpaka mwisho, kwa Miraji, na Miraji asivuke kizingiti cha kontena. Kwa hiyo kila Alhamisi mpiga bambo aliketi nje, kwenye benchi la Abdulrazaq, akinywa soda na kusikiliza habari za mumiani. Siku moja Abdulrazaq akamuuliza kama yale ya friji ni kweli.

"Umeingia ukaona?" Miraji aliuliza.

"Sijaingia."

"Basi kaa kimya, au kaombe uingie."

Nyumbani alikuwa yeye wa kubadilisha bandeji. Alimpikia Saadi uji usio na sukari na kuuonja mwenyewe kwanza, na kwa hilo hakuna aliyemlaumu. Kingo zikasogea. Kidonda kilichokuwa na mdomo wa kikombe kikawa kama sarafu, kisha kama punje ya njugu. Ramadhani ikaingia, daktari wa hospitali akautazama mguu, akaugeuza, akasema msumeno usubiri. Ramadhani ikatoka. Msumeno haukuitwa tena.

Ilikuwa oligo, au ilikuwa maji na bandeji na uji? Siri ilikuwa bado imefungwa, mpaka mgonjwa wa mwisho. Jioni moja Miraji alimpigia Warda simu, akashusha sauti.

"Mwanangu. Mie na wewe tu. Hata kwa kukisia?"

"Sikisii, baba."

"Kidogo tu."

"Baba."

"Basi. Nilikuwa nakupima."

Siku ya Saadi kurudi kwao walikwenda wote mpaka Nyamisati. Maji yalikuwa yamekupwa, boti ya Ridhiwani iko mbali kidogo, na kati yake na gati palikuwa na tope. Miraji aliinama ili ambebe. Saadi akampiga kofi la mgongoni, akavua viatu, akatembea mwenyewe, akipiga kelele kwamba tope la Nyamisati linamtekenya. Akapanda. Akapunga mkono. Boti ikaondoka ikipita kati ya mikoko.

Miraji hakupunga sana. Alikuwa amechuchumaa kwenye tope, anakagua nyayo. Mguu wa kulia, wa kushoto, wa kulia, wa kushoto. Alitafuta ule uliokanyaga kwa kuibia, kwa ncha, kwa upande, kama mtu anayeficha maumivu mbele ya rafiki. Hakuuona. Unyayo wa kidonda ulikuwa umezama sawa na mwenzake, kisigino na vidole vyote.

Akatia kidole kwenye alama ile. Hakukusudia, ni mazoea tu. Akakipeleka ulimini.

Chumvi.

"Baba Warda!" Bi Mwamini aliita kutoka juu ya gati. "Unakula nini tena?"

"Hakuna kitu," alijibu Miraji, akajipangusa kwenye kanzu na kuinuka.